Motokari Nyeusi Iliyofuatwa na Nyuki

Wanangu, ninyi mnaoosha motokari pale kwenye njia ya Karavia, juzi nilipita kwenu mkanionyesha etajeri yenu, ile rafu ya dawa za kung'arishia. Chupa za buluu, za njano, za kijani, makopo yenye picha za simba na radi, zote zimepanda malori pale mpakani Kasumbalesa. Mmoja wenu akaniuliza: katika hizi zote, Mama, ipi inang'arisha rangi kuliko nyingine? Nilicheka, nikamwambia nitajibu nikipata nafasi. Leo mvua inanyesha na hakuna anayeniita, basi nafasi ninayo. Ila jibu langu lina mzunguko kidogo, kwa sababu linaanzia kwenye aibu.

Jina langu ni Mujinga. Msicheke. Kwetu Waluba, mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni hupewa jina hilo, na ni jina la heshima. Masista walinibatiza Hélène, na kwa miaka mingi Hélène alinificha vizuri. Kisha ukaja wakati wa Zaïre, majina ya ubatizo yakaondolewa kwenye makaratasi, wote tukawa citoyen na citoyenne, yaani raia, nami nikabaki Mujinga peke yake. Fikirini mtu anakuja garaji kuchukua motokari yake, anauliza nani ameisugua, anaambiwa: Mujinga. Wengine walitaka kwanza kuizunguka motokari mara mbili. Papa Kalenga, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa akiwatuliza kwa sauti ya taratibu: "Mujinga iko jina yake, haiko kazi yake."

Papa Kalenga alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka mwaka wa tatu wa sekondari. Garaji yetu ilikuwa mjini, karibu na reli, na niliingia pale kufua vitambaa, si zaidi ya hapo. Miaka ile shaba ilikuwa inalisha mji mzima. Mainjinia wa migodi walipenda motokari zao zing'ae, na kazi ya kuzing'arisha ilikuwa ya Papa Kalenga. Alinitoa kwenye beseni kwa sababu moja tu: aliona kwamba vitambaa nilivyofua mimi havikuwa na hata punje moja ya mchanga. Alisema mwanamke anayeogopa mchanga namna hii anaweza kugusa rangi ya motokari ya mtu. Watu wa garaji walishangaa, maana hakuna mwanamke aliyewahi kushika kazi ile, lakini hakuna aliyembishia.

Mwaka mzima alinifundisha kuosha tu. Mnajua vumbi letu jekundu la kiangazi. Likikauka juu ya rangi, kila chembe ni kisu. Basi maji kwanza, mengi, kuanzia juu ya paa kwenda chini, kabla mkono haujagusa kitu. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia nguo alinikataza kabisa, kwa sababu inakula nta yote na kuiacha rangi uchi. Na madereva waliokuwa wakipangusa motokari kwa mazutu, yaani dizeli, aliwaonea huruma. Mazutu yanang'aa kwa saa moja, alisema, halafu vumbi la njia nzima ya Likasi linakuja kukaa juu ya boneti.

Sasa aibu yenyewe.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, jakaranda zimeanza kuchanua. Alikuja Papa Monga, mstaafu wa reli, aliyeendesha treni kutoka Kamina maisha yake yote. Alikuwa amenunua motokari ndefu nyeusi ya injinia mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ilikuwa imelala miezi mingi chini ya mti kule mtaa wa Golf, maua yameoza juu yake, na weusi wake umegeuka kijivu kama sufuria ya zamani. Papa Monga alitaka ing'ae kabla ya Jumamosi. Binti yake Ngoie alikuwa anaolewa, na baba hakutaka apelekwe kanisani kwa motokari ya kuazima.

Papa Kalenga aliahidi. Lakini Jumatatu jioni habari za kilio zikamfikia kutoka Likasi, ikabidi aondoke. Kabla ya kupanda basi aliniita, akanionyesha kichupa cha jamu kilichokuwa na dawa ya kusugulia nyeupe, kidogo tu, imebaki chini. Kwa rangi nyeusi, aliniambia, nitumie hii peke yake, kwa mkono, polepole, na nisimalize motokari yote. Yeye atarudi Jumatano tuendelee pamoja.

Jumanne asubuhi nilikitazama kile kichupa. Hakikuwa na karatasi wala jina. Pembeni, kwenye etajeri, kulikuwa na kopo kubwa jipya lenye picha ya motokari nyeusi kama kioo, na maandishi ya Kifaransa ya dhahabu: mng'ao wa haraka, kwa rangi zote. Nikasoma mbele, nikasoma nyuma. Nikajiambia, maskini Papa Kalenga, hajui kusoma, ndiyo maana anahangaika na vichupa vya jamu. Nitamwonyesha faida ya shule. Akirudi ataikuta imekwisha.

Nilianzia katikati ya boneti. Wanangu, ule mng'ao ulikuja kama taa iliyowashwa. Kitambaa changu kikawa cheusi, na hilo halikunitisha, kwa sababu rangi za wakati ule zilikuwa za tabaka moja, bila vernis, yaani vanishi, juu. Ukizisugua lazima zikuachie kidogo. Niliimba nikisugua. Nikashuka ubavuni, nikafika juu ya gurudumu la mbele la kushoto, pale bati linapojikunja. Nikasugua pale kama nilivyosugua mahali pengine.

Kitambaa kikatoka na kijivu.

Niliinama. Kwenye ule mkunjo rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, na rangi ya chini, ile ya msingi, inanitazama, ukubwa wa kiganja. Nikaita wenzangu wanisaidie kuisukuma motokari juani, nikidhani labda ni kivuli. Juani ikawa mbaya zaidi: boneti yote niliyoiona inang'aa ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara, kama utando wa buibui. Kopo lilisema nusu ya ukweli. Mng'ao ulikuwa wa haraka kweli. Lakini ile dawa ilikuwa ya kukata rangi mpya iliyotoka kupulizwa, nene na yenye vipele, nami nimeipeleka kwenye rangi ya kizee iliyobaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Nilikaa chini kando ya gurudumu. Nilijua mambo mawili. La kwanza, mwanamke wa kwanza kwenye kazi ile akifukuzwa, hataajiriwa wa pili. La pili, Jumamosi ilikuwa inakuja tu.

Mwenzangu mmoja alinishauri ninyamaze, nipake kiwi ya viatu pale pa kijivu, Papa Monga ataona baada ya harusi. Nilifikiria jambo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe nikanawa mikono, nikavua kitambaa cha kichwa cha kazi, nikaenda kwa miguu mpaka Kamalondo, nyumbani kwake.

Nilimkuta uani akipanga viti na wakwe. Aliuona uso wangu, akawaacha, akanivuta kando. Nikamwambia nikiwa nimetazama chini:

"Papa, nimeharibisha motokari yenu. Iko kazi ya mikono yangu, Papa Kalenga haiko ndani."

Alitazama viatu vyangu vyenye vumbi, akauliza:

"Moteri iko natembea?"

"Eyo, Papa. Iko natembea."

"Basi haiyakufa."

Akanikalisha kwenye kimoja cha vile viti vya harusi, akanisimulia kwamba katika ujana wake alipitiliza stesheni na treni nzima. Alikuwa anawaza mambo ya uchumba, akasahau breki, na abiria wakashuka porini. Padri mmoja mzee alirudi kwa miguu katikati ya reli na sanduku lake kichwani. Akasema angeweza kusingizia mashini. Badala yake alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake siku ileile.

"Mukubwa alijua ile mambo kutoka kwa kinywa yangu, haikutoka kwa telegrafu," alisema. "Njo maana alinirudisha mu mashini. Sasa na weye, wende urudie kazi yako."

Nililia njia nzima ya kurudi, lakini si kwa huzuni.

Papa Kalenga alifika Jumatano. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye motokari. Aliizunguka, akagusa kile kijivu kwa kidole gumba. Kisha akaleta lile kopo la dhahabu na kile kichupa cha jamu, akaniambia nifunge macho. Akaniwekea dawa moja kwenye mkono wa kulia, nyingine kwenye wa kushoto.

"Sasa soma na bidole," alisema.

Nikasugua kati ya gumba na kidole cha shahada. Ya kulia ilikuwa na mchanga ndani, mdogo, lakini unausikia ukikwaruza, kama unga wa bukari, ugali wetu, uliosagwa vibaya. Ya kushoto ilikuwa kama unga uliochujwa mara tatu. Nilibaki nimefunga macho kwa muda, kwa sababu nilijua nikifungua nitamwona.

Hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Alinifundisha tu kwamba kabla ya kuchagua dawa unasoma rangi kwanza. Rangi ya kizee au changa? Nene au nyembamba? Nyeusi, ambayo haifichi kitu, au nyeupe, ambayo inasamehe mengi? Halafu unaanza na dawa dhaifu kuliko zote, mahali padogo, pasipoonekana, na unatazama juani. Ikitosha, umemaliza kuchagua. Isipotosha, unapanda ngazi moja. Mikunjo ya bati unaibandika utepe, unairudia mwishoni kwa kidole kimoja.

Siku hiyohiyo alipuliza rangi mpya pale nilipopatoboa. Alhamisi nzima na Ijumaa asubuhi tulisugua, yeye upande huu, mimi ule, kwa ile dawa laini iliyobaki, kwa mistari iliyonyooka, bila duara hata moja. Utando wa buibui ukaondoka. Weusi ukarudi. Lakini ulikuwa weusi mkavu, kama mtu aliyeoga bila kujipaka mafuta. Ilihitaji nta, na nta hatukuwa nayo. Madukani etajeri zilikuwa tupu. Miezi ile vitu vingi havikufika mpaka kwetu.

Papa Kalenga akakumbuka maseremala wanavyong'arisha makabati: nta ya nyuki na terebentini, yaani tapentaini. Akanituma sokoni kwa mama mmoja wa Kasenga aliyeuza asali. Nikarudi nyumbani na masega ndani ya jani la ndizi, nikawasha babula, jiko letu la makaa, uani, nikaweka sufuria ya maji, na ndani yake kopo lenye nta, ili iyeyuke bila kuguswa na moto wenyewe. Ikishayeyuka, unaondoa kopo mbali na makaa, mbali kabisa, ndipo unatia terebentini. Ukisahau hilo, unapoteza nyusi au nyumba. Sufuria niliyotumia ilikuwa ya maharage ya mama yangu. Aliitazama, akaenda kuazima ya jirani. Mpaka anafariki, ile sufuria aliiita Garaji.

Dawa ya kwanza tuliijaribu kwenye mlango wa kamyo mbovu, lori lililokufa. Nta ilizidi: ilinata, vidole vikaacha alama. Nikaongeza terebentini mpaka ikawa laini kama siagi iliyokaa karibu na jiko. Tukaipaka kwenye motokari kidogo sana, nyembamba, kivulini, bati likiwa baridi. Vijana wote hupenda kupaka nene, wakidhani mng'ao uko kwenye wingi. Nta nene haing'ai, inakamata vumbi tu. Tukangoja ififie kama kioo kilichopuliziwa pumzi, tukaifuta kwa flanela ya pajama ya kaka yangu. Pale pa rangi mpya hatukupaka, kwa sababu rangi mpya lazima ipumue kwanza. Tulipapangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Nilisogea nyuma nikaitazama. Ilikuwa nyeusi yenye kina, unaona mawingu yakitembea ndani yake. Papa Kalenga aliwasha sigara yake mbali, kwa ajili ya terebentini, akavuta mpaka mwisho bila kuondoa macho kwenye motokari.

Jumamosi tulisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kanisa, tumevaa vizuri. Misa iliisha. Papa Monga alikuwa ameshika usukani yeye mwenyewe, amenyooka kama yuko kwenye mashini yake ya treni. Ngoie alitoka na bwana wake, akafika kwenye mlango wa nyuma, na kabla ya kuingia akainama akarekebisha shela yake akijitazama kwenye bati. Alijitazama kwenye kazi yangu. Nilimshika Papa Kalenga mkono bila kujua.

Ndipo nyuki wa kwanza akaja.

Akatua kwenye boneti, akatembea kidogo, akaruka, akarudi na wenzake. Mnakumbuka yale masega? Nilikuwa nimeyayeyusha bila kuyaosha vizuri, na asali kidogo ilikuwa imebaki ndani ya nta. Jua la saa sita lilipopiga bati jeusi, harufu ikapanda. Walikuja watano, kumi, kisha sikuweza tena kuwafuatilia. Wanakwaya walirudi ngazini. Mpiga picha alikwenda kusimama nyuma ya padri. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ngoie alibaki pale pale. Alivuta hewa puani, akamwambia baba yake dirishani:

"Papa, motokari inanukia asali."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na bwana wake akaanza kucheka, na wanawake wa ngazini wakapiga vigelegele. Akakusanya gauni lake, akaingia ndani ya motokari kwanza, kabla ya mtu yeyote. Papa Monga akaondoka polepole, mwendo wa treni inayotoka stesheni, na nyuki wakamfuata mpaka mahali pa karamu. Hawakumuuma mtu, isipokuwa mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye wakati wa mahari alikuwa amesema maneno mengi sana. Alivimba sikio. Upande wa bibi harusi walilipokea jambo hilo kwa utulivu mkubwa.

Nilidhani nimekwisha. Jumatatu garaji ilikuwa na foleni. Watu waliniuliza, si Papa Kalenga, waliniuliza mimi: citoyenne Mujinga, tunataka ile ya nyuki. Nilijifunza kuyaosha masega kwa maji ya moto mara tatu na kuyachuja kwa kitambaa, na nyuki hawakuja tena. Je, mnafikiri kila mtu alifurahi? Bwana mmoja wa Golf alirudi na malalamiko. Nimepita mji mzima, alisema, na hakuna nyuki hata mmoja. Umenipakia dawa ya uongo.

Ile nta ya nyuki haikuwa bora kuliko zote, lazima niseme ukweli. Kwenye joto la Oktoba ililegea. Baadaye nilipata kwa madereva wa malori nta ngumu inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili, na hiyo nikaipenda zaidi. Nilipata pia dawa za kupuliza zenye silikoni, zinazong'aa ukizigusa tu. Hizo ziogopeni kidogo. Siku motokari hiyo itakapohitaji rangi mpya, rangi itakataa kukaa, itafanya vishimo vya duara kama macho ya samaki, na mpigaji rangi atalitaja jina lenu siku nzima.

Kisha zikaja rangi za chuma, zenye chembe zinazometameta na vernis juu. Motokari ya kwanza ya namna hiyo niliisugua asubuhi yote, na kitambaa changu kikabaki cheupe. Nikadhani dawa imekufa. Nikamwita Papa Kalenga, akasugua yeye, cheupe vilevile. Akaniambia kwamba hata yeye hajui. Mkubwa wangu wa kazi, mbele ya watu wote, alisema hajui, akavuta kibao, tukakaa wawili tukajaribu chini ya bampa, dawa moja baada ya nyingine, mpaka tukaelewa kwamba tunachosugua si rangi bali kile kioo cha juu yake, na kwamba kinataka dawa laini kuliko zote tulizokuwa nazo. Tulianza upya kama wanafunzi, naye alikuwa na mvi.

Basi kijana uliyeniuliza, jibu langu ni hili: sijui ipi katika chupa zenu. Nionyeshe rangi kwanza. Nipe tone la kila dawa kwenye vidole. Hapo nitakuambia.

Papa Kalenga alistaafu macho yake yakiwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anakuja garaji Ijumaa kusalimia tu, fimbo mkononi, abakosti yake, ile suti ya wakati wa Zaïre, imepigwa pasi. Ijumaa moja nilikuwa nimemaliza motokari ya kijani. Aliuliza iko wapi, nikampeleka. Akapitisha nyuma ya vidole vyake kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, polepole, bila kuinua mkono. Akarudi mpaka kwenye mlango, akasimama mbele yake wima, akainua kidevu, akashika kola yake kama mtu aliye mbele ya kioo.

"Kola iko sawa?" aliniuliza.

Ilikuwa imepinda. Niliinyoosha kwa mkono wangu, nikamwambia, iko sawa, Papa.